Fomeni anayetukana watu ndiye chanzo kikubwa cha ajali saiti. Nipingeni kwa hoja

#1 Fundi Mbao Kimara (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nipo kwenye ujenzi hapa Dar muda mrefu. Nimebeba karai, nimekuwa fundi mbao, saiti nyingi za ghorofa kuanzia Kimara hadi Goba nimezipitia. Leo nina jambo linalonikaba.

Juzi kati tulikuwa tunamwaga slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa ya kwanza. Mikisa mbili za kuchanganyia zege zipo chini, winchi inapandisha, poka (mashine ya kushindilia zege) inanguruma, vijana wa karai wanapishana. Kwenye saa tano asubuhi kona moja ikakaa. Mirunda mitatu, ile miti inayoshikilia slabu kwa chini, ilichomoka, zege likashuka na nondo zake na watu wawili juu yake. Mmoja kachubuka tu. Mwenzake kavunjika mguu, yupo MOI, hospitali ya mifupa Muhimbili, mpaka sasa. Mungu mkubwa, chini hapakuwa na mtu muda ule.

Kuna kijana saidia fundi alikuwa anapita chini ya slabu na ndoo za maji. Aliona mrunda mmoja umepinda tangu saa tatu. Saa tatu, wakuu! Akanyamaza. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, akanijibu hivi: "Kaka, jana nilimwambia fomeni ngazi haijafungwa, akanitukania mama yangu mbele za watu. Leo ningefungua mdomo niseme nini?"

Ndiyo maana nasema kofia ngumu na buti ni muhimu, lakini kinachoumiza watu wengi zaidi ni mdomo wa fomeni. Watu wanaona hatari na wanakaa kimya. Anayebisha aje. Na mwenye saiti ambayo mtu wa chini kabisa anaweza kusema "simamisha" na kazi ikasimama, atueleze wanafanyaje.

#2 Mkazi wa Sinza

Ngoja waje wataalamu. Pole kwa majeruhi.

#3 Nondo16

Pole mkuu, ila napinga. Matusi hayapindishi mrunda.

Mrunda umepinda kwa sababu ni mti mbichi wa mkaratusi, umetumika saiti tano, umekatwa ukaungwa na misumari, umesimamishwa juu ya udongo uliolowa bila hata kipande cha ubao chini. Hata kama fomeni wenu angekuwa anaimba kwaya siku nzima, ile kona ingekaa tu. Tusihamishe lawama kutoka kwenye vifaa kwenda kwenye tabia. Mwenye nyumba hataki kukodi propu (nguzo) za chuma, hapo ndipo ajali inapoanzia.

#4 Injinia wa Goba

Namuunga mkono Nondo16 kwa sehemu kubwa, na niongeze hesabu.

Zege bichi ni kama kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Slabu ya sentimita 15 ina maana kila mita ya mraba inabeba kilo 360, hapo hujaweka watu, mashine wala rundo la zege lililomwagwa sehemu moja kabla ya kusambazwa. Chumba cha mita 4 kwa 5 ni tani 7 na ushee zinazoning'inia juu ya miti. Mzigo huo hauangaliwi na kijana wa ndoo za maji. Unakaguliwa siku moja kabla: mirunda imesimama wima? Imefungwa kwa mbao za mshazari? Chini ina kitako? Kona na kingo zimeongezewa?

Swali langu kwa mleta uzi: nani alikagua? Mkandarasi amesajiliwa CRB, bodi ya makandarasi, au ni "fundi wetu anayetujengea siku zote"?

#5 Fundi Mbao Kimara

@Injinia wa Goba tulikagua jioni, mimi na mwenzangu, na ilikuwa imefungwa vizuri. Ila wewe mwenyewe umeshataja rundo. Vijana walikuwa wanamwaga karai zote upande ule kwa sababu ndiko winchi inakofikia, na wa kusambaza walikuwa wawili tu. Asubuhi mrunda ulikuwa wima, saa tatu umepinda. Ukaguzi wa jana yake hauyaoni hayo. Anayeyaona ni aliye chini ya slabu muda ule ule, na aliye chini ya slabu siku zote ni kijana anayelipwa kidogo kuliko wote.

Mkandarasi sitamtaja, naomba tusifike huko.

#6 Babu wa Temeke

Wanangu, mnazunguka mbuyu. Jambo hili ni la malezi. Kijana wa miaka 19 atamwambiaje fundi mwenye umri wa baba yake kwamba umekosea? Anampa shikamoo asubuhi, saa tatu amkosoe mbele ya watu? Sisi tulifundishwa mdogo hasemi mbele ya mkubwa. Hata fomeni angekuwa mpole, yule kijana angenyamaza.

Mkumbuke lile ghorofa la Kariakoo la 2013 lililoua watu wengi. Nani aliuliza vijana waliokuwa wanafanya kazi mle?

#7 Mpita Njia Posta

Babu shikamoo. Marekebisho kidogo: la 2013 lilikuwa mtaa wa Indira Gandhi, kule mjini. Lilikuwa na ghorofa 16, lilianguka asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi, likaua watu 36. La Kariakoo ni la tarehe 16 Novemba 2024, na lile lilikuwa jengo linalotumika, lenye maduka na wafanyabiashara ndani. Nilikuwepo mtaa wa pili siku ile. Tulisikia watu wakiita kutoka chini ya kifusi, vikosi vikawa vinaomba watu wote wanyamaze ili wasikie sauti inatoka wapi. Serikali iliunda timu ya uchunguzi. Tusiyaingize majengo haya mawili kwenye hoja ya fomeni anayetukana, yana mambo yake makubwa.

#8 Babu wa Temeke

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa.

#9 Mwana Tandika

Naongea kama deiwaka, kibarua wa kutwa, maana naona wanaongea mafomeni na mainjinia.

Naamka saa kumi usiku. Daladala mbili mpaka saiti, na nikichelewa dakika kumi nafasi yangu kachukua mwingine aliyekaa getini. Sijanywa chai. Mama ntilie anafika saa nne, kabla ya hapo napanda na karai tumbo tupu. Jumamosi bosi anasema pesa mpaka Jumatatu. Nyumbani mke ana mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa, wanakuja kugonga mlango asubuhi wanataka rejesho. Simu inaita nikiwa juu ya jukwaa, najua ni wao.

Mkuu, mtu wa namna hiyo mrunda atauonaje? Macho yanaangalia ila akili ipo Tandika. Mwenzangu alikanyaga ubao wenye msumari uliokuwa wazi kabisa katikati ya njia, sote tumeuruka asubuhi nzima. Tukamuuliza hukuuona? Akasema alikuwa anapiga hesabu ya kodi.

Matusi tumeshayazoea, hayanishtui. Mnilipe siku mliyosema mtanilipa, nitaona kila kitu.

#10 Nondo16

@Mwana Tandika hapa umenigusa. Hii ni hoja nzito kuliko ya mleta uzi.

#11 Nesi wa Mbagala

Nafanya kazi kituo cha afya, vijana wa saiti tunawapokea kila wiki. Mleta uzi na Mwana Tandika wote wanaelezea kitu kimoja kinachotokea mwilini.

Mtu akifokewa, akitishwa au akiwa na hofu ya deni, mwili unajiandaa kupambana. Moyo unadunda, misuli inakaza, na umakini unabana kwenye jambo moja tu, lile linalomtisha. Vya pembeni havioni vizuri. Kwa hiyo kijana aliyetukanwa jana anamwangalia fomeni yuko wapi, hamwangalii mrunda. Mwenye deni anaiangalia simu. Usingizi mchache unaongezea ubaya.

Ila kuna kitu nyote mmekiruka, nacho ni maji. Dar mwezi wa pili, jua na unyevu, mtu anabeba zege tangu asubuhi na chupa moja ya nusu lita. Kichwa kinauma, anakuwa mkali, anachanganya maelekezo. Watu wanasema "ana mawazo" kumbe amekaukiwa. Inatakiwa kama kikombe kimoja kila dakika ishirini, kidogo kidogo, asisubiri kiu. Mkiona mtu ameanza kuongea visivyoeleweka au anayumba, mtoeni juani haraka, mloweshe maji, mpepeeni, na apelekwe hospitali. Msimwambie apumzike kidogo aendelee.

#12 Kijana wa Karai

Asante nesi. Saiti yetu maji ni ya pipa la kuchanganyia zege 😭

#13 Mwana Tandika

@Kijana wa Karai tupo wengi ndugu yangu.

#14 Kreni Juu

Mimi ni opereta. Nimeanzia bandarini, sasa naendesha tauakreni maghorofa ya mjini. Mleta uzi aliomba mfano wa sehemu ambayo mtu wa chini anasimamisha kazi, basi nina mfano.

Nikiwa juu sisikii chochote. Nategemea mtu mmoja tu aliye chini, mwenye fulana ya rangi tofauti na wote. Kiganja juu na kidole kinachozunguka, napandisha. Mkono chini na kidole kinachozunguka, nashusha. Mkono umenyooka pembeni, kiganja kinaangalia chini, unapungwa kulia na kushoto, nasimama. Mikono yote miwili ikipungwa hivyo, nasimama pale pale hata kama mzigo upo katikati ya hewa. Alama zinaweza kutofautiana saiti na saiti, ndiyo maana kila asubuhi tunazionyeshana kabla ya mzigo wa kwanza, hata kama tumefanya kazi pamoja mwaka mzima.

Sasa sikilizeni. Alama ya kupandisha au kushusha naipokea kwa yule mmoja tu. Bosi akija na kunipungia mkono nipandishe, sigusi kitu. Lakini alama ya KUSIMAMA naipokea kwa mtu yeyote. Fundi, mama ntilie, mlinzi wa geti, mtoto aliyepotea njia. Nikiiona nasimama kwanza, maswali baadaye. Hii ni kanuni ya kreni, sikuitunga mimi.

Na kwenye redio kolu (redio ya mkononi) kuna utaratibu wa kurudia. Akisema "shusha taratibu mita mbili", namrudishia "nashusha taratibu mita mbili", ndipo nashusha. Marubani nao hufanya hivyo na watu wa mnara, kila agizo linarudiwa kwa sauti. Kwenye saiti ndogo sijawahi kuona fomeni anasema "rudia nilichokuambia". Anasema "umenielewa?" na kijana anajibu "ndiyo bosi". Kila mtu anajibu ndiyo bosi. Hujapata taarifa yoyote hapo.

Siku moja mjini, fomeni na mpiga alama waligombana, wakaanza kunionyesha alama wawili kwa pamoja, huyu pandisha huyu shusha, na chini yao fungu la nondo limeshafungwa kwenye ndoano. Nilizima mashine, nikatoa mikono yote nje ya kioo ili waione, nikasubiri mpaka akabaki mmoja. Fomeni alikasirika sana. Hakunifukuza, kwa sababu opereta kumpata siyo rahisi. Huo ndio ukweli, na hapo nakubaliana na wanaosema mambo ya kipato. Mimi nina jeuri ya kusimama, kijana wa karai hana.

#15 Fundi Mbao Kimara

@Kreni Juu nashukuru sana mkuu. Hicho cha kusimama kwa mtu yeyote ndicho ninachokitafuta kwenye slabu. Poka ikinguruma hata ukipiga kelele hausikiki, kwa hiyo alama ya mikono ingefaa hata kwetu.

#16 Mdau wa Ubungo

Nimefanya kazi kwenye miradi ya barabara na madaraja hapa mjini, msimamizi mgeni, lugha hatuelewani. Kule jambo liko tofauti na mnavyosema. Mtu anapiga kelele kwa sababu ya mitambo, kijana anadhani anatukanwa. Na yule msimamizi anaona vijana wanatikisa vichwa kukubali, anadhani wameelewa. Kumbe hakuna aliyeelewa.

Kilichosaidia ni kuchora mchangani. Msimamizi anachora mtaro, anaonyesha kwa kijiti udongo uwekwe umbali gani kutoka ukingoni, kijana naye anachora kuonyesha ameelewa. Mita moja ya ujazo ya udongo ina tani moja na nusu au zaidi, na kipindi cha masika ukuta wa mtaro unaanguka bila kukuaga. Tulikuwa na kijana mmoja aliyejua maneno machache ya pande zote mbili. Alikuwa saidia fundi tu, ila siku asipokuja kazini mambo yalikuwa hatari kabisa.

#17 Dada Fundi Bomba

Habari zenu. Kuna hofu hamjaitaja: kuchekwa.

Nilisema jukwaa la nje halina mbao ya kujishikia, wanaume wote wakacheka. "Dada unaogopa kupanda?" Hakuna aliyenitukana, walicheka tu, na kucheka kunafunga mdomo kuliko tusi. Basi nikapiga picha, nikaitupia kwenye grupu la WhatsApp la saiti ambalo mwenye nyumba yumo. Sikuandika maneno mengi: "Ghorofa ya pili upande wa barabara, hakuna mbao ya kushikia." Mchana ule ule mbao zikafungwa. Tangu hapo natuma picha, siongei.

#18 Mwana Tandika

@Dada Fundi Bomba wewe uliponea. Mimi namjua jamaa aliyetuma picha ya nyaya za umeme zilizopita karibu na jukwaa, akatolewa kwenye grupu saa hiyo hiyo, kesho yake getini akaambiwa kazi imepungua. Sisi hatuogopi matusi wala kuchekwa. Tunaogopa njaa.

#19 Dada Fundi Bomba

Kweli, na mimi nina kazi yangu ya bomba, mwenye nyumba ananihitaji. Sitakataa hilo.

#20 Afisa Usalama Mstaafu

Nimesoma uzi wote na naona hakuna aliyegusa sheria, na mtu amelala MOI.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri asajili eneo la kazi OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, na ahakikishe usalama wa watu wake. Inataka pia kuwe na wawakilishi wa usalama miongoni mwa wafanyakazi wenyewe. Yaani mtu wa kusema anatakiwa awepo kisheria, siyo hisani ya fomeni.

Uchovu nao una sheria yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo unastahili mapumziko ya saa moja, na saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Siku za kumwaga slabu nani anafuata haya?

Halafu kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwajiri anachangia asilimia 0.5 ya mishahara, na mfanyakazi hakatwi hata senti. Mtu akiumia kazini mwajiri anatakiwa kutoa taarifa kwa mfuko ndani ya siku 7, na madai yasipitishe miezi 12. Mleta uzi, taarifa ya kijana wako imetolewa?

#21 Fundi Mbao Kimara

Mzee wangu, hapo ndipo pananiuma. Jina lake halipo popote. Kuna daftari la fomeni lenye "Juma 1, Juma 2, mrefu, wa Mbagala". Mwenye saiti ametoa pesa ya hospitali mara ya kwanza, baada ya hapo simu haipokelewi.

#22 Afisa Usalama Mstaafu

Msikate tamaa. Andikeni leo majina ya mashahidi waliokuwepo, tarehe, saa, mahali. Pigeni picha ukurasa ule wa daftari kabla haujachanwa. Tunzeni miamala ya simu aliyokuwa analipwa, hiyo inaonyesha alikuwa anafanya kazi pale. Karatasi za MOI zote zikae pamoja. Kisha ndugu yake aende ofisi za WCF mwenyewe akaeleze, asisubiri mwajiri. Na siku nyingine, kabla ya zege, kila mtu aandikwe majina matatu na namba ya simu ya nyumbani. Ni kazi ya dakika tano.

#23 Fundi Mbao Kimara

Nimechukua. Kesho naenda na kaka yake.

#24 Mchambuzi wa Gongo la Mboto

Mnasema mengi ila pombe hamtaji. Kabla ya Machi 2017 viroba vilipokuwa halali, saiti saa nne kila mtu na kiroba mfukoni. Vikapigwa marufuku, sasa ni gongo na vitu vingine. Mtu kalewa, mnamtafutia msongo wa mawazo.

#25 Nesi wa Mbagala

@Mchambuzi wa Gongo la Mboto wengi tunaowahoji wanasema wanakunywa ili wapate ujasiri wa kupanda juu, au wasahau deni. Sasa hapo kilichotangulia ni kipi?

#26 Mchambuzi wa Gongo la Mboto

Anayekunywa aache. Wapo wenye madeni na hawanywi.

#27 Kijana wa Karai

Samahani kutoka nje ya mada, buti zenye chuma mbele za bei nafuu zinapatikana wapi? Nimechoka na raba.

#28 Mpita Njia Posta

Karume, upande wa mitumba, nenda asubuhi mapema. Gonga pua ya buti kwa kitu kigumu usikie kama chuma kipo kweli. Soli ikunje, ikipasuka rudisha pale pale. Kofia usinunue ya mtumba, nunua mpya. Plastiki iliyokaa juani miaka inapasuka kwa kipande kidogo tu cha tofali.

#29 Nondo16

Na usinunue nyeupe, utaitwa injinia upewe lawama zote 😂

#30 Injinia wa Goba

😂 Turudi kwenye mada jamani.

#31 Fomeni wa Tegeta

Nimesoma kuanzia mwanzo. Mimi ni fomeni na nina haki ya kujibu.

Anayemtukania mtu mama yake hafai kusimamia hata banda la kuku, hapo sina utetezi. Lakini hebu simameni pembeni yangu siku ya zege. Nina watu thelathini ambao nusu yao nimewaona leo asubuhi getini. Gari la zege limetoka Mwenge, limekwama kwenye foleni, na zege lina kama saa moja na nusu kabla halijaanza kunisumbua. Mwenye nyumba anapiga simu yupo Dodoma, anauliza mmefika wapi. Bosi anasema slabu iishe leo, la sivyo winchi ya kukodi inalipiwa siku ya pili. Mvua inajikusanya upande wa baharini. Ikitokea ajali polisi wananichukua mimi. Nani anamuuliza fomeni kama amelala?

Na kufoka kuna mahali pake. Mtu akitaka kupita chini ya mzigo sina muda wa "samahani ndugu yangu". Nitampigia kelele mpaka mtaa wa pili wasikie, na ataniona mbaya, ila atafika nyumbani.

Ninachofanya mimi ni hiki. Asubuhi kabla ya kugawa kazi tunasimama duara, kama dakika kumi. Natembea nao saiti nzima, na kila mtu ananionyesha kitu kimoja asichokipenda. Naanza na aliyekuja jana, fundi mkuu anaongea mwisho. Babu wa Temeke yuko sahihi, ukianza na wazee vijana hawasemi kitu. Mwanzoni walikuwa wanaonyesha vitu vya kunifurahisha, takataka hapa, ndoo pale. Siku niliyosimamisha kazi kufunga ngazi aliyoionyesha kijana mdogo, wakajua ni kweli. Kwa ngazi ya kuegemeza tunapima hivi: ukipanda mita nne, miguu yake iwe mita moja kutoka ukutani, na juu ifungwe kamba.

Mwezi wa Ramadhani tunamwaga kuanzia saa kumi na mbili asubuhi ili mchana uwe wa kazi nyepesi. Hilo nilishauriwa na kijana wa karai, siyo injinia.

#32 Kreni Juu

@Fomeni wa Tegeta heshima yako mkuu.

#33 Nondo16

Mimi bado sijakubali. Fomeni wa Tegeta ni mtu mzuri, ila hiyo duara yake inategemea watu wale wale wanarudi kesho. Saiti nyingi za mtaani leo wapo hawa, kesho wengine. Imani ya kumwambia bosi ukweli haijengeki kwa siku moja. Propu za chuma hazihitaji imani, unazikodi zinasimama. Mimi ningepewa pesa nichague moja, ningenunua vifaa.

#34 Mwana Tandika

Na mimi ningelipa watu kila siku jioni. Utaona wanavyorudi kesho, na hiyo duara itakuwa na watu wale wale.

#35 Fundi Mbao Kimara

Wakuu, nimejifunza mengi. Slabu inayofuata nataka kuweka mtu mmoja chini ya mirunda, kazi yake iwe kuangalia tu, na kitambaa chekundu. Akikipunga, mikisa na winchi vinasimama, hakuna kumuuliza. Na kila mtu awe na ruhusa ya kushika kile kitambaa. Mnaonaje?

#36 Injinia wa Goba

Wazo zuri ila usimsimamishe katikati ya mirunda, asimame pembeni nje ya slabu penye njia ya kukimbilia, na apewe uzi wenye timazi (kizito cha kupimia wima) aone mrunda ukihama. Awe na redio au mtu wa kupokea alama juu, maana aliye juu ya slabu haoni chini.

#37 Fomeni wa Tegeta

Swali moja gumu. Kijana kapunga kitambaa, tumesimamisha, tumekagua, hakuna kitu. Zege limeanza kukaza, gari la pili lipo getini linadai pesa ya kusubiri. Nani analipa? Akikatwa kijana, hatapunga tena, wala mwenzake. Nikilipa mimi, sina. Mwenye nyumba atakubali?

#38 Afisa Usalama Mstaafu

Iingizwe kwenye bei ya slabu tangu mwanzo, kama inavyoingizwa saruji ya akiba. Mwenye nyumba aambiwe kabla ya mkataba.

#39 Nondo16

Mzee, mwenye nyumba anayebishania bei ya misumari atakubali kulipia muda wa kusimama bure? Wa wapi huyo?

#40 Mkazi wa Sinza

Mimi ni mwenye nyumba, najenga Sinza, namwaga slabu mwezi ujao. Niambieni ni kiasi gani kwa saa moja ya kusimama, mikisa mbili na winchi. Nataka nijue kabla sijaongea na fundi wangu.